Kilo Arobaini na Moja

Nilipokuwa nachuma chai,
mizani ilining'inia kwenye boriti la banda,
karani akasoma, akaandika,
kila jani likapata bei yake.
Umande walikata, sawa,
lakini hata umande uliandikwa.

Andongwisye ana kilo arobaini na moja.
Zahanati walimpima nikiwa nimembeba:
kwanza sote wawili, kisha mimi peke yangu,
nesi akatoa hesabu kiganjani kwa kalamu.

Namwinua alfajiri, shuka limelowa.
Namwinua anywe uji, kwa upande wa shavu,
polepole, usije ukaingia njia ya hewa.
Namtoa juani jua likiwapo,
na Rungwe mnaijua, jua huja kama mgeni wa deni,
namrudisha mvua ikianza.
Usiku ubavu wa kushoto, usiku ubavu wa kulia,
ngozi ya mgongo isije ikafunguka.
Zidisheni wenyewe.

Mama alimbeba miaka kumi na tisa.
Siku ya matanga watu walisema, amepumzika,
kisha wakageuka
wakaniangalia mimi.

Kiti cha magurudumu tulipewa, sisemi uongo.
Uwanjani, kwa ngoma na picha,
Andongwisye akacheka kwa sababu ya ngoma.
Lakini kutoka barabarani hadi kwetu ni mteremko,
na udongo wetu ukilowa haumjui mheshimiwa.
Sasa kuku tetea analalia mayai humo.
Ametotoa mara mbili.

Ndipo akaja Bi Nyamizi wa ustawi wa jamii,
mtu wa Tabora, amejifunga shali mbili,
raba zake nyeupe zimekwisha rangi.
Akafungua fomu gotini.
Jina la mlemavu. Umri. Aina ya ulemavu.
Paa: bati au nyasi?
Kazi ya mlezi?
Sijafungua mdomo, ameshaandika:
Hana.

Sikugomba. Saa ya kumgeuza ilikuwa imefika.
Nikamwambia, dada, weka kalamu,
shika mabega, mimi nitashika nyonga,
nikisema tatu.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi,
ndivyo walivyosema waliotangulia;
Bi Nyamizi akashika usufi huo
na magoti yakamtetemeka.
Saa yake ya mkononi ikamkwaruza Andongwisye shingoni,
akalia kidogo, yule akaomba radhi mara nne.

Alipokaa tena hakunena.
Akalifuta lile neno, karatasi ikachanika kidogo.
Akaniuliza: Tumpe, niandike nini?

Pole usiandike. Pole ninazo,
zimejaa ndoo na beseni.
Kaka zangu wako Chunya kwenye dhahabu,
nao hutuma pole kwa simu.
Andika Jumanne.
Kila Jumanne mtu mmoja, mwenye mshahara,
aliyefundishwa kushika mabega,
anayejua huyu hucheka akisikia maji yakimiminwa,
aje akae naye toka asubuhi mpaka jioni.
Mimi nikachume chai.
Au nilale tu,
nilale hadi kivuli cha mgomba kiingie mlangoni,
na asiniulize mtu nimelala kwa nini.
Na siku nyingine sita
andika ni kazi,
uzito wake huo hapo, saa zake usiku na mchana,
mpelekee karani.

Fomu haikuwa na nafasi. Akaandika pembeni,
akazungusha karatasi, akaendelea pembeni.

Mahindi yamevunwa tangu siku hiyo.
Jana nilisikia hatua kwenye tope,
nikachungulia dirishani: Bi Nyamizi, buti za mvua safari hii,
hana fomu, jibu bado liko wilayani.
Kabla ya hodi akasimama chini ya mwavuli
akavua saa yake,
akaitia mfukoni.

Nilimshukuru, kwa moyo wangu wote.
Tulipokwisha kumgeuza nikamuuliza tena:
na Jumanne yangu?